Fundi kakata waya wa ethi ili mashine ya kukaushia nguo isiangushe swichi, sasa inapiga shoti

Swali la msomaji: Nina nyumba ndogo ya wageni Kihesa, Iringa. Tuna mashine ya kukaushia nguo ya mtumba kutoka Uingereza, ya kilo 7. Bamba la nyuma limeandikwa 220–240 V, 50 Hz, 2700 W. Ilifika mahali ikawa inazunguka bila joto. Fundi akasema hita imekatika, akaweka nyingine na kubadilisha mkanda. Baada ya hapo ikawa kila tukiiwasha, dakika nne au tano tu swichi kuu ya nyumba inaanguka. Fundi akarudi, akaifungua, akatoa waya wa kijani na njano, na kweli haiangushi tena. Lakini dada anayefua analalamika kwamba akigusa mlango wa mashine mikono ikiwa mibichi inamtetemesha. Pia inapasha kama robo saa halafu inabaki kuzunguka na ubaridi, na plagi imeanza kuwa ya kahawia. Je, hiyo hita ni mbovu? Naweza kuendelea kuitumia huku natafuta fundi mwingine?

Jibu:

Kamwene dada. Nianze na la mwisho: hapana, usiitumie hata kwa shuka moja. Chomoa plagi kabisa ukutani, usitegemee kitufe cha mashine, na mwambie anayefua asiichomeke mpaka waya ule wa kijani na njano, yaani waya wa ethi unaopeleka ardhini umeme uliovuja, urudi. Najua kipindi cha mvua, Novemba hadi Aprili, kamba ya nguo Iringa haisaidii kitu, na wageni wanataka shuka kavu. Hata hivyo mashine hiyo ilivyo sasa inaweza kuua mtu.

Swichi iliyokuwa inaanguka haikuwa mbovu. Itazame vizuri, utaona kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hiyo ni swichi ya RCD, na kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa laivu na ule unaorudi kwa waya wa niutro. Ukipungua unaorudi, maana yake kuna unaovuja kwenda ardhini, na tofauti ikifika miliampea 30 (nyingi huanguka hata kabla, kuanzia miliampea 15 hivi) inakata. Ilipokuwa inaanguka dakika ya nne au ya tano ilikuwa inakwambia kwamba ndani ya mashine kuna sehemu ambayo ikishapata moto inagusana na bati. Fundi hakuitafuta sehemu hiyo. Alichofanya ni kuondoa njia ambayo umeme uliovuja ulikuwa unapitia kwenda ardhini. Mvujo upo palepale, ila sasa bati zima linakaa na umeme likisubiri njia nyingine. Mtu mwenye mikono mibichi aliyesimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji ni njia nzuri sana. Kwa sasa dada anayefua ndiye waya wa ethi wa mashine yako.

Na kwa nini akitetemeshwa swichi haianguki? Kwa sababu umeme unaopita mwilini mwake haujafika kiwango cha kuiangusha, labda amevaa ndala, labda sakafu ni kavu siku hiyo. Siku sakafu ikiloa hesabu inabadilika.

Hapa kuna jambo la kutenganisha, maana neno letu “shoti” tunalitumia kwa vitu viwili: waya wa laivu kugusana na niutro, na mtu kutetemeshwa. Tena kutetemeshwa kwenyewe kuna vyanzo viwili. Mashine nyingi za Ulaya zina kichujio cha umeme karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia, na ndani yake mna kapasita ndogo zinazounganisha laivu na bati, na niutro na bati. Ethi ikiwepo, kinachopita humo ni kidogo mno na kinaishia ardhini. Ethi ikikatwa, bati linapanda hadi nusu ya volti za nyumba, kama 115, hata kama mashine ni nzima kabisa. Ndiyo maana tesita ya bisibisi inawaka kwenye bati na fundi anakuja juu kwamba “mashine nzima ina umeme”. Ukipima kwa mita kati ya bati na ethi ya kweli ukapata volti 90 hadi 120, yaelekea ni kichujio kisicho na ethi. Ukipata 200 na zaidi, laivu imegusa bati moja kwa moja. Kwa historia uliyonipa, nadhani una vyote viwili.

Kazi yenyewe sasa. Mpe fundi ajaye maelezo haya, na ikiwezekana awe mwenye leseni ya EWURA, au kijana aliyesoma umeme VETA ambaye ana mita na anajua kuitumia. Fundi anayekuja na tesita peke yake hataimaliza kazi hii.

Plagi iwe imechomolewa muda wote mashine ikiwa wazi. Kabla ya kugusa nyaya za mota, kapasita yake itolewe chaji kwa kuunganisha miguu yake miwili kupitia balbu ya kawaida au rizista, si kwa kupiga bisibisi mpaka icheche, kwa sababu cheche ile inaharibu kapasita na inarusha vipande machoni.

Hatua ya kwanza ni kurudisha ethi, kabla ya kutafuta chochote kingine. Fundi wengi watataka kuanza na hita. Wasianze na hita. Bila ethi huwezi kujua kama umeponya ugonjwa au umeuficha tena. Waya wa kijani na njano unaotoka kwenye plagi unafungwa kwenye bati la mashine kwa skrubu na washa ya meno, mahali ambapo rangi imekwanguliwa mpaka chuma kinang’aa. Kutoka hapo kuna matawi: moja kwenda kwenye mwili wa mota, moja kwenye kasha la hita, mara nyingine moja kwenye fremu ya mlango. Fundi akibadilisha hita, tawi la kasha la hita ndilo linalosahaulika mara nyingi, kwa sababu hita mpya inakuja na kibao chake na ule waya mdogo unabaki unaning’inia nyuma.

Kisha apime. Mita iwekwe kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), kipimo kidogo kabisa, ncha mbili zigusanishwe ili kuona mita yenyewe inaanzia wapi (zile za bei nafuu huonyesha 0.3 au 0.5 hata zikigusana). Ncha moja kwenye pini ndefu ya juu ya plagi, nyingine kwenye bati la nyuma, halafu mwili wa mota, halafu kasha la hita, halafu bawaba ya mlango. Kila sehemu isome chini ya omu 1 baada ya kutoa ile ya mita. Ikisoma 5 au inacheza cheza, kuna kutu au rangi mahali fulani. Asikubali “inalia”, kwa maana mlio wa mita unalia hata kwenye omu 30.

Baada ya hapo ndipo aende kwenye hita, na hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu dalili ya dakika nne au tano inanielekeza huko. Kitu kinachovuja tangu mashine inapochomekwa ni kichujio au waya uliobanwa. Kinachovuja drami inapoanza kuzunguka ni mota au waya unaosuguliwa na drami. Kinachosubiri mpaka pawe na moto ni hita yenyewe au nyaya zinazoingia kwenye hita.

Afungue kifuniko cha nyuma, achukue tochi, na kabla ya kupima chochote atazame nyaya mbili au tatu zinazoshika hita. Waya wa kiwandani pale ni wa silikoni au umevikwa uzi wa kioo. Ukiushika ni mlaini kama mpira wa jiko la gesi na hauungui. Fundi akikuta umeungua mwishoni, mara nyingi anakata kipande cha waya wa nyumba wa 1.5 mm², anakiunga, anazungushia tepu nyeusi. Waya huo una ganda la PVC linalostahimili nyuzi 70 tu. Karibu na hita kuna joto zaidi ya hilo. Siku ya kwanza linalainika, siku ya pili shaba inatokeza, na kila hita inapopata moto waya unalala juu ya ukingo wa bati. Ukipoa unajiinua kidogo, mita inasema hakuna tatizo. Ganda lililolainika linang’aa, limebonyea pale lilipolalia bati, na tepu imehama ikaacha gundi nyeusi inayonata vidoleni. Akiona hivyo ameshapata jibu, au nusu yake.

Dawa ni waya wa kustahimili joto kuanzia kichwa cha hita hadi kwenye kiungo cha mbali, wa 1.5 mm² usipungue, na lagi za kusukuma za milimita 6.3 zilizobanwa kwa koleo la kubania lagi. Asichomee kwa risasi pale kwenye hita. Risasi ya kawaida ya mafundi redio inayeyuka kwenye nyuzi 183 au zaidi kidogo, na kiungo kikianza kulegea kinajipasha chenyewe mpaka kinaachia.

Nyaya zikiwa nzima, sasa hita. Atoe nyaya zote kwenye vichwa vya hita (apige picha kwanza kwa simu, kutoka pembe mbili, ndani ya mashine rangi za nyaya hazifuati kanuni ya kahawia na bluu). Apime omu kati ya vichwa. Hesabu yake ni volti mara volti, gawa kwa wati: 230 × 230 ÷ 2500 inatoa omu 21. Bamba lako linasema 2700 kwa mashine nzima, kwa hiyo hita peke yake ni kama 2500 na iliyobaki ni mota. Akipata 20 hadi 23 hita ni ya saizi sahihi. Akipata kama 38 upande mmoja na 48 upande mwingine, asishtuke, hiyo ni hita ya sehemu mbili, wati 1400 na wati 1100, yenye vichwa vitatu, kimoja cha pamoja. Hita za namna hii ndizo zinazochanganya. Akikosea kichwa cha pamoja, sehemu mbili zinafuatana badala ya kwenda sambamba, omu zinajumlishwa kuwa 86, na mashine nzima inatoa joto la wati 600 na ushee. Nguo zinapata uvuguvugu na saa tatu baadaye bado zina unyevu. Hakuna fyuzi itakayoungua na hakuna swichi itakayoanguka. Utalaumu umeme mdogo bure.

Kupima mvujo wa hita kunahitaji mega ya volti 500, yaani kipimo cha mvujo kinachotoa volti nyingi chenyewe. Mita ya kawaida hutumia betri ya volti 9 au pungufu, na volti hizo hazina nguvu ya kuruka pengo dogo ambalo volti 230 zinaliruka bila shida. Kwa mega: ncha moja kwenye kichwa cha hita, nyingine kwenye kasha lake. Kuanzia megaomu 1 kwenda juu ni salama. Hita nzima na kavu hutoa nyingi zaidi ya hapo. Apime ikiwa baridi, kisha aipashe nje ya mashine kwa bunduki ya hewa moto na apime tena, kwa sababu ya kwako ugonjwa wake unakuja na joto. Mega isitumike kupitia plagi mashine ikiwa imefungwa. Kwanza inaweza kuumiza bodi ya elektroniki. Pili, kama hita inawashwa na rilei (swichi inayoendeshwa na bodi), rilei ikiwa wazi kipimo hakifiki kwenye hita kabisa, na fundi atakwambia mashine ni safi.

Hana mega? Aitenge hita. Nyaya za hita zitolewe, kila moja ivalishwe kiunganishi cha plastiki chenye skrubu na kufungwa mbali na bati, mashine ifunikwe, ethi ikiwa mahali pake, iwashwe kwa programu ya joto kwa dakika 15. Swichi isipoanguka, ugonjwa ni hita au nyaya zake. Ikianguka, chomoa tena, rudisha, tenga mota, endelea hivyo kifaa kimoja kimoja. Ni njia ya polepole lakini haidanganyi.

Hita mpya nayo inaweza kuvuja bila kuwa mbovu. Zile za bomba la chuma zimejazwa unga mweupe wa magnesia, na unga huo unanyonya unyevu kupitia ncha zake ikiwa hita imekaa dukani miezi mingi. Kabla ya kuitupa, itolewe thamostati na kila kitu cha plastiki au mpira, ikae kwenye oveni ya jikoni nyuzi 120 hadi 150 kwa saa mbili tatu, ipimwe tena. Ikipanda kutoka sehemu ya megaomu hadi megaomu kadhaa, ilikuwa imelowa tu. Zile za waya wa msokoto ulio wazi hazina tatizo hilo, zao ni kulegea: msokoto ukivutwa wakati wa kufunga unaning’inia, na ukipata moto unarefuka na kulamba kasha. Utaona alama nyeusi kama ncha ya kiberiti kwenye bati. Hita ya namna hiyo ikiwa ilikatika ikasokotwa upya na fundi, usiipokee. Kila unapoifupisha omu zinapungua na wati zinapanda.

Kuna kosa jingine dogo ambalo halihusiani na hita na linapoteza siku nzima: skrubu. Fundi anafungua skrubu kumi na mbili, zinachanganyikana, moja ndefu inarudi kwenye tundu la skrubu fupi na kutoboa waya uliopita nyuma ya bati. Angalia kama skrubu zote za kifuniko cha nyuma zina urefu mmoja.

Sasa hili la kupasha robo saa kisha ubaridi. Nyuma ya hita kuna vidude viwili vya duara kama kifuniko cha chupa. Kimoja ni thamostati ya kazi, inakata na kurudisha yenyewe. Kingine ni cha usalama, kinakata joto likizidi. Baadhi vina kitufe cha kubonyeza kurudisha, vingine vikikata havirudi. Vyote viwili vimewekwa kwenye mfuatano na hita, umeme unaupita mmoja ndipo uende kwa mwingine. Vikiwa baridi, kila kimoja kinatakiwa kusoma karibu omu sifuri. Vinafanana sana kwa sura, namba ndogo za nyuzi ubavuni ndizo zinazovitofautisha, na fundi mwenye haraka anaweza kuvibadilishana nafasi. Hapo mashine inapasha, inakata mapema, na inachelewa kurudi.

Lakini kabla ya kulaumu thamostati angalia hewa. Thamostati ya usalama kukata mara kwa mara ni dalili ya hewa kutopita. Chujio la manyoya ya nguo lisafishwe kila mzigo, na kwa kuwa mashine iko wazi, fundi atoe manyoya yaliyolala chini ya drami na kwenye feni. Mashine ya mtumba huwa nayo ya kujaza mfuko wa rambo. Bomba la kutolea hewa, lile la milimita 100, lisizidi mita mbili tatu na lisikunjwe nyuma ya mashine. Iringa ipo juu, mita 1,500 na kitu, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam na inabeba joto pungufu kidogo, kwa hiyo bomba lililoziba nusu ambalo pwani lingevumilika huko kwenu linaangusha thamostati.

Na kwa sababu mkanda ulibadilishwa, muulize kama kapasita ya mota nayo iliguswa. Kwenye mota nyingi za mashine hizi kapasita ina kama maikrofaradi 7 hadi 10, na waya wa laivu ukihamishiwa mguu mwingine wa kapasita mota inazunguka kinyume. Drami inazunguka vizuri tu, nani atajua? Feni ndiyo inayoumia, kwa kuwa imefungwa kwenye mota hiyo hiyo na mapanga yake yamepinda kwa upande mmoja. Ikigeuzwa bado inasukuma hewa upande ule ule, ila kwa unyonge. Weka kiganja kwenye mdomo wa bomba la nje: hewa inatakiwa kusukuma kipande cha karatasi, sio kukitikisa.

Fundi akisema “thamostati zinasumbua, nimeunga moja kwa moja”, mwambie azirudishe mbele yako. Hita bila thamostati na manyoya ya pamba ni moto wa nyumba. Kwa kweli kati ya kukata ethi na kuunga thamostati sijui lipi nililaumu zaidi, na mara nyingi mkono mmoja unafanya yote mawili.

Plagi ya kahawia. Mashine yako inavuta kama ampea 12 (2700 ÷ 230), na plagi ya pini tatu bapa imetengenezwa kwa 13. Hakuna nafasi ya kulegea. Fungua plagi: kama kichwa cha waya wa laivu kimekuwa cheusi, skrubu ililegea, kama fyuzi ndiyo yenye alama za moto kwenye vishikio vyake, vishikio vimechoka na plagi nzima itupwe. Weka plagi mpya yenye fyuzi ya 13, ya kiwango BS 1362, siyo waya wa shaba uliokunjwa mahali pa fyuzi. Kata waya wa zamani mpaka ufike shaba inayong’aa. Kahawia kulia, bluu kushoto, kijani na njano juu, unapoitazama plagi kwa ndani. Na waya wa ethi uachwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Soketi nayo ibadilishwe, kwa kuwa soketi iliyoungua itaunguza plagi mpya ndani ya wiki.

Na kama kuna ekstensheni katikati, hiyo ndiyo yangu ya kwanza kushukiwa. Ekstensheni ya dukani yenye nyaya za 0.75 mm² na urefu wa mita 20 ina kama omu 1 kwenda na kurudi. Kwa ampea 12 inakula volti 12 na kutoa joto la wati 150 njiani. Ikiwa imeviringishwa kwenye gurudumu, joto hilo halina pa kwenda. Mashine hii inahitaji soketi yake ukutani, waya wa 2.5 mm² kutoka kwenye breka yake, si kushirikiana na birika na pasi.

Kwa wale wenye mashine za Ujerumani au kwingineko Ulaya zenye plagi ya pini mbili nene za duara: ile tabia ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi iingie inawapa laivu na niutro tu. Ethi ya plagi ile ipo kwenye vipande vya chuma pembeni, ambavyo soketi yetu haivigusi kabisa. Mashine inafanya kazi miaka miwili bila ethi na hakuna anayejua. Kata plagi, weka ya pini tatu. Na za Marekani zenye bamba la 120/240 V, 60 Hz ziacheni huko huko zinakouzwa. Hita yake inataka 240 na mota inataka 120 kutoka waya wa katikati ambao mfumo wetu hauna, na zile zilizofungwa kwa waya tatu za zamani zina kiungo cha niutro na bati kilichowekwa makusudi, ambacho hapa kwetu kinaangusha RCD hata kabla hujabonyeza kitufe.

Limebaki upande wa nyumba. Inawezekana mashine ikapona na ethi ya nyumba ikawa ya jina tu. Apime kwenye soketi: laivu na niutro karibu 230, laivu na ethi karibu sawa na hiyo, niutro na ethi volti chache. Laivu na ethi ikisoma 100 au inahamahama, waya wa ethi haujafika popote. Kisha rodi yenyewe, ile nondo ya ethi iliyopigwa ardhini, ipimwe kwa kipimo cha ethi. Mnajua Iringa ilivyo ya mawe, Gangilonga lenyewe ni jiwe. Rodi inagonga mwamba kwenye sentimita arobaini, fundi anaikata juu na kufukia, na kazi imeisha. Rodi yenye omu 50, laivu ikigusa bati, inapitisha ampea 4.6 tu. Breka ya 20 haitajua kama kuna kitu kimetokea. RCD ya miliampea 30 itajua papo hapo, na ndiyo maana kwa ardhi kama ya kwenu RCD si anasa. Mahali pa mwamba zinapigwa rodi mbili au tatu, zikiachana kwa umbali usiopungua urefu wa rodi, zikiunganishwa kwa waya wa shaba. Chumvi na mkaa vinashusha omu kwa muda, ila chumvi inaoshwa na mvua na kabla haijaisha inakula rodi.

Jambo moja la kukuokolea mabishano: RCD inajumlisha mivujo ya nyumba nzima. Friji, hita ya bafuni na kompyuta kila kimoja kinaweza kuvuja miliampea moja mbili bila kosa lolote. Kama baada ya matengenezo yote bado inaanguka, zima kila kitu, iwashe mashine peke yake. Ikikaa, ugonjwa haupo kwenye mashine tena, na hita ya bafuni ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Siku ya majaribio usiijaze. Weka taulo mbili zilizokamuliwa, ubonyeze T kwenye RCD kwanza uone kama inaanguka, uirudishe, uiwashe mashine kwa joto la juu kwa dakika 40. Dakika ya 20 shika plagi: vuguvugu ni sawa, ikikushinda kushika zima. Mlango usiguswe kwa mkono kujaribu kama “bado inatetemesha”. Fundi apime kwa mita kati ya bati na ethi ya soketi, na mita isome karibu na sifuri huku hita ikiwa inawaka. Aipime tena dakika ya 40, kwa kuwa ugonjwa wa mashine yako ulikuwa unasubiri joto.